Saa Kumi na Nusu Getini: Niliyojifunza kwa Watoto wa Lyon

Wanafunzi wengi wa kigeni walioko Ufaransa hufanya kibarua kilekile: kuwachukua watoto wa watu shuleni, kuwapa kitafunwa, kuwasimamia wakati wa kazi za shule na kuoga, na kukaa nao mpaka mzazi mmoja arudi kutoka kazini. Nami nilikifanya miaka yote niliyosoma chuo, katika mji mdogo ulio pembeni mwa Lyon. Watoto wenyewe walikuwa wawili. Kaka alikuwa anaanza CP, ambalo ndilo darasa la kwanza, na mdogo wake wa kike alikuwa anaingia chekechea. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimelelewa katika nyumba iliyojaa watoto wa ndugu na wa majirani, ambapo mwenye njaa alikula na mwenye usingizi alilala. Kilichonigusa Lyon, na ambacho bado nakifikiria sasa ninapolea wa kwangu, ni jinsi nchi nzima inavyomfundisha mtoto kungoja, na jinsi inavyomwandalia mambo yanayostahili kungojewa.

Siku ya mtoto wa Kifaransa inaizunguka saa kumi na nusu jioni. Shule nyingi za msingi huanza saa mbili na nusu asubuhi, husimama kwa chakula cha mchana muda wa saa mbili hivi, kisha masomo huendelea mpaka saa hiyo. Geti linapofunguliwa, wazazi, mabibi na mayaya wamesongamana nje kila mmoja na mfuko wake, na ndani ya mfuko mna goûter: kipande cha mkate mrefu kilichopasuliwa na kutiwa chokoleti, tofaa lililopondwa kwenye kikopo, maziwa, na Ijumaa labda andazi la siagi kutoka kwa mwokaji. Mtoto hakuitikii vizuri mpaka ajue umeleta nini. Wangu walikula wakiwa kwenye benchi la bustani iliyo jirani na shule, wakiwa wameketi kweli, kisha wakakimbilia bembea.

Baada ya hapo hakuna cha kutafuna mpaka chakula cha usiku. Kaka akiomba biskuti saa kumi na mbili, mama yake alimjibu kwa upole na kwa maneno yaleyale kila siku, "Utakula mezani, mwanangu," naye aliondoka bila kulia, kwa sababu alijua meza itakuwa tayari saa moja na nusu kama jana na kama juzi. Serikali nayo iko nyuma ya mama. Mashine za kuuza pipi na soda ziliondolewa shuleni mwaka 2005, na tangu 2007 matangazo ya vinywaji vya sukari na vyakula vya viwandani lazima yaandamane na ujumbe wa afya, mmojawapo ukimkumbusha mtu asitafunetafune kati ya mlo na mlo.

Ramadhani ya kwanza nikiwa nao, mdogo aliona nimempa mkate bila mimi kuuma hata kipande.

"Mbona huli?"

"Nimefunga. Nitakula jua likizama."

Akafikiri kidogo. "Basi goûter yako ni usiku," akasema, akaendelea kutafuna.

Watu wazima wengi niliosoma nao chuoni walihitaji maelezo marefu kuliko hayo, na baadhi walinionea huruma. Yule mtoto hakunionea huruma hata kidogo. Kwake chakula kilikuwa kitu chenye saa yake, na mtu akingoja saa yake hajaonewa.

Tangu Septemba 2019 sheria inamtaka kila mtoto awe shuleni kuanzia miaka 3. Zamani ilikuwa miaka 6, ingawa karibu wote walikuwa wakianza mapema. Chekechea ina madaraja matatu, la wadogo, la kati na la wakubwa, na ile ya serikali haina ada. Wiki za mwanzo za Septemba korido inajaa vilio. Kila mtoto anakuja na doudou wake, yaani mdoli au kitambaa anacholala nacho tangu uchanga, ambacho hakifuliwi mara kwa mara kwa kuwa harufu yake ndiyo dawa. Wa mdogo wetu alikuwa sungura aliyebaki sikio moja. Asubuhi sungura aliwekwa kwenye kikapu pamoja na wa wenzake, na baada ya chakula cha mchana alitolewa kwa ajili ya usingizi, maana daraja la wadogo wana chumba cha kulala chenye vitanda vidogo vilivyopangwa safu.

Kitu kilichonifanya nimheshimu mwalimu wake ni makoti. Majira ya baridi watoto ishirini na kitu wa miaka 3 wanatakiwa kuvaa makoti ili watoke uwanjani, na kila mmoja anavaa mwenyewe. Koti linatandazwa sakafuni, ndani kukiwa juu na kofia ikielekea miguuni mwa mtoto. Anainama, anaingiza mikono yote miwili kwenye mikono ya koti, kisha analirusha juu ya kichwa, nalo linaangukia mgongoni likiwa limeshavaliwa. Mara nyingi linaangukia usoni. Mwalimu na msaidizi wake wangeweza kuwavisha wote kwa dakika chache, lakini walisimama kando, wakisifu na kungoja. Niliona hapo kwamba kungoja hakumhusu mtoto peke yake. Mtu mzima naye alikuwa anajizuia, kazi ambayo ni ngumu kuliko kuvisha.

Asubuhi getini kuna salamu. Mwalimu au mkuu wa shule anasimama mlangoni, na kila mtoto anampa bonjour akimtazama usoni. Anayepita kimya anaitwa, kwa sauti ya kawaida, na anarudi kusalimu. Vivyo hivyo kwa mwokaji, kwa dereva wa basi, kwa jirani kwenye ngazi. Nimekua na shikamoo, kwa hiyo hili lilinifariji kuliko jambo lolote la miezi ile ya mwanzo. Nilikuwa nimesikia nyumbani kwamba watoto wa Ulaya hawana adabu. Wanayo, na inasimamiwa na watu wasiohusiana nao hata kwa ukoo.

CP ni darasa zito, kwa kuwa ndilo la kusoma na kuandika. Watoto wanaandika mwandiko wa kuunganisha herufi tangu mwanzo, kwenye daftari lenye mistari ya rangi ya zambarau na mingine myembamba kati yake, ili herufi ndefu ijue ifike mstari wa ngapi. Nilimwangalia kaka akiandika "l" na "b" na "f" mstari mzima, ulimi ukiwa nje, na kama kitanzi cha "f" kimevuka mstari, anafuta. Tangu 1956 serikali imekataza kazi za kuandika za nyumbani katika shule ya msingi. Iliyobaki ni kusoma ukurasa kwa sauti, kujifunza maneno ya imla ya wiki na kukariri shairi. Shairi hunakiliwa kwenye daftari maalumu, upande mmoja maneno na upande wa pili mchoro, kisha linasemwa mbele ya darasa zima. Jioni kaka alikuwa anasimama juu ya zulia la sebuleni, mikono nyuma, akinighania. Akinisikia nimelikosea neno nikimfuatishia, alinirekebisha matamshi bila kucheka, na Kifaransa changu cha leo nimekipata zaidi kwenye zulia lile kuliko ukumbi wa mihadhara.

Kwenye geti la shule hubandikwa karatasi ya chakula cha wiki, na wazazi huisoma kwa makini. Kantini hutoa kianzio, chakula chenyewe, jibini au mtindi, na tunda au kitamu cha mwisho, na kwa watoto wa chekechea wasaidizi wanapita mezani wakihimiza kila mmoja aonje. Kuonja ndiyo kanuni, shuleni na nyumbani. Mtoto anaweza kukataa kumaliza, hawezi kukataa kujaribu. Mdogo alionja kiazisukari chekundu mwaka mzima akikunja uso, na mwaka uliofuata akaomba aongezewe. Tangu Novemba 2019 kila kantini ya shule lazima itoe angalau mlo mmoja kwa wiki usio na nyama wala samaki. Mambo haya ni mazito kwao kiasi cha kuwafikia mawaziri. Februari 2021, wakati wa Uviko-19, meya wa Lyon Grégory Doucet aliamua shule zote za mji zipike mlo mmoja usio na nyama, ila samaki na mayai vibaki, ili foleni ziende haraka. Baadhi ya mawaziri walimpinga hadharani, wafugaji wakaandamana mjini. Nchi ilijadili sahani ya mtoto wa miaka sita kwa siku kadhaa, na mimi naona nchi inayojadili hivyo inawapenda watoto wake.

Getini nilifahamiana na mama mmoja kutoka Ngazidja. Wakomoro ni wengi Ufaransa, hasa Marseille, na lugha yao na yetu ni ndugu, kwa hiyo tulielewana nusu kwa nusu na kumalizia kwa Kifaransa. Alikuwa ameandikisha wanawe mlo usio na nyama, jambo la kawaida kantini, akanifundisha mambo ambayo hayaandikwi: kwamba mwaliko wa sherehe ya kuzaliwa ukisema kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, saa kumi na moja uwepo mlangoni, na kwamba daftari dogo la mawasiliano kati ya shule na nyumbani lazima lisainiwe kila ujumbe, hata ule wa kusema kuna chawa darasani. Huyohuyo ndiye aliyeniambia shule humruhusu mtoto kukosa masomo siku ya Idi, mzazi akiandika barua.

Jumatano ni siku ya pekee. Manispaa nyingi zina wiki ya siku nne, saa sita kwa siku, na Jumatano hakuna masomo. Babu wa watoto alisoma wakati mapumziko yalikuwa Alhamisi. Yalihamishiwa Jumatano mwaka 1972. Alikuwa anapenda kusimulia, na ndiye aliyenieleza kwamba utotoni mwake watoto wa shule walipewa divai iliyochanganywa maji kwenye kantini, mpaka ilipopigwa marufuku kwa walio chini ya miaka 14, mwaka uleule wa 1956 uliokataza kazi za kuandika nyumbani. Jumatano bibi na babu walikuja kwa treni asubuhi. Mchana kaka alienda judo na mdogo akaenda kwenye kituo cha michezo cha manispaa, halafu wote walirudi kwa bibi aliyekuwa ameshakaanga kitu. Nilizoea kusema kwamba Wazungu hawana bibi wa kulea wajukuu. Wanaye, ila amewekewa siku.

Hapo ndipo pia nilipoona upungufu, na sitauficha. Watoto wangu wale walikuwa na binamu watano waliowaona labda mara tatu kwa mwaka. Hawakuwahi kuingia nyumba ya jirani bila kupanga. Mtoto akianguka uwanjani, mama aliye karibu alitafuta macho ya mzazi wake kabla ya kumwinua. Tanga ningeinuliwa, nikakung'utwa vumbi, nikagombezwa na nikapewa kashata na mtu nisiyemjua jina. Shuleni nako, kadiri mtoto anavyopanda madarasa, kalamu nyekundu inakuwa kali. Maneno "anaweza kufanya vizuri zaidi" yanaandikwa kwenye ripoti hata ya mtoto aliyejitahidi, na niliona kaka akisoma kosa moja la imla na kusahau maneno tisa aliyoyapata. Lakini hakuna aliyempiga. Viboko vimekoma shuleni zamani, na sheria ya Julai 2019 inasema mzazi analea bila ukatili wa mwili wala wa moyo. Mimi nimechapwa shuleni, nyumbani na madrasa, na waliotuchapa walitupenda. Nikiwa Lyon niliona mama akipiga magoti, macho yake yakiwa sawa na ya mtoto, akasema "hapana" mara moja, na "hapana" ile ikabaki palepale jioni nzima. Sijainua fimbo kwa mwanangu, na nimejua inawezekana kwa sababu ya mama yule.

Mwaka wenyewe umegawanywa kwa namna ambayo mtoto anaweza kuushika. Masomo ni wiki 36, na baada ya kila wiki saba hivi huja likizo ya wiki mbili: ya mwisho wa Oktoba, ya Krismasi, ya majira ya baridi na ya masika, kisha miezi miwili ya kiangazi. Nchi imegawanywa katika kanda tatu, na likizo za baridi na masika hazianzi siku moja kila kanda, ili barabara na vituo vya kuteleza kwenye theluji visifurike. Lyon ni kanda A. Mdogo alijua yuko kanda A kabla hajajua kusoma.

Ndani ya vipande hivyo kuna siku ndogondogo, na shule huziandaa zote. Tarehe 2 Februari ni siku ya chapati za maji, na anayegeuza ya kwanza hewani ashike sarafu mkono wa pili, mwaka uwe wa baraka. Wakati wa kanivali Lyon wanakaanga bugnes, vitumbua bapa vya unga vinyunyiziwavyo sukari, na watoto huenda shule wamevaa kama simba na malaika. Tarehe 1 Aprili wanakata samaki wa karatasi na kuwabandika watu mgongoni. Niliingia kwenye treni ya jioni nikiwa na samaki wawili. Kuanzia Alhamisi kabla ya Pasaka kengele za kanisa hunyamaza, na watoto wanaambiwa zimeruka kwenda Roma. Jumapili zinaporudi hudondosha mayai ya chokoleti bustanini, nao wanayatafuta kwenye nyasi. Siku ya Mama, kwa kawaida Jumapili ya mwisho ya Mei, mama hupewa kitu kilichotengenezwa darasani kwa siri, mara nyingi mkufu wa tambi zilizopakwa rangi, naye huuvaa.

Jino likitoka huwekwa chini ya mto, na panya mdogo hulichukua usiku akaacha sarafu. Niliwaambia kwetu tulirusha jino juu ya paa na kuomba jipya. Kaka alifikiria hasara ya sarafu, akaamua kwamba la kwanza atampa panya na la pili atarusha. Alirusha kweli, likaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua wa jirani.

Januari kuna keki ya wafalme, ya siku ya Epifania: tabaka nyembamba za unga na siagi, ndani lozi zilizosagwa, na katikati kimefichwa kisanamu kidogo cha kauri. Aliye mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza. Mwenye kisu anagusa kipande na kuuliza, "Hiki cha nani?" na sauti kutoka chini ya kitambaa cha meza inajibu, "Cha babu!" Hakuna awezaye kupendelea. Atakayeuma kisanamu anavishwa taji la karatasi ya dhahabu. Nilialikwa mwaka wa kwanza, na nikaona bibi amekata kipande kimoja zaidi ya idadi yetu. Nikadhani ni cha kuongeza. Ni sehemu ya maskini, akanieleza, ya yeyote atakayebisha hodi. Hakuna aliyebisha miaka yote niliyokuwa pale, lakini kipande kilikatwa, na mdogo akiwa chini ya meza aliulizwa kuhusu kipande hicho pia, akajibu kwa uzito uleule: "Cha anayekuja."

Desemba ni mwezi wa kungoja kabisa. Watoto wana kalenda yenye vidirisha ishirini na vinne, kimoja kinafunguliwa kila asubuhi, na kufungua kidirisha cha kesho ni aibu kubwa. Tarehe 8 Lyon yote huweka mishumaa midogo ndani ya bilauri madirishani, desturi iliyoanza 1852 sanamu ya Bikira Maria ilipozinduliwa kilimani Fourvière. Familia nyingi zisizokwenda kanisani huiweka pia. Halafu kuna barua kwa Baba Krismasi. Posta ya Ufaransa ina ofisi ya kuzijibu tangu 1962, sasa iko Libourne karibu na Bordeaux, na jibu la kwanza kabisa liliandikwa na Françoise Dolto, daktari wa watoto na mtaalamu wa nafsi zao, ambaye kaka yake ndiye alikuwa waziri wa posta. Barua ya mdogo ilikuwa michoro mitupu. Ilijibiwa.

Shule ya serikali huweka mti na nyimbo, lakini haisali. Kanisa na dola vilitengana 1905, na tangu 2004 mwanafunzi haruhusiwi kuvaa alama ya dini inayoonekana wazi. Nilipenda kwamba mwanangu angeweza kusoma pale bila kuulizwa imani yake. Sikupenda, na sitapenda, kumwona msichana wa shule ya sekondari ya jirani akisimama kando ya geti kila asubuhi kuvua mtandio wake, akiukunja na kuutia kwenye mkoba. Niliwahi kumwambia hivyo mama wa watoto. Hakukubaliana nami, nami sikukubaliana naye, tukanywa kahawa.

Lakini siku iliyoniingia moyoni kuliko zote ni tarehe 11 Novemba, siku ya kukumbuka mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kaka akiwa darasa la pili. Walifundishwa wimbo wa taifa, wakaenda kuuimba kwenye mnara wa waliokufa vitani. Karibu kila kijiji cha Ufaransa kina mnara huo, wenye majina ya watu wa pale waliokufa kati ya 1914 na 1918. Meya alisoma jina moja moja, na baada ya kila jina watoto wakajibu kwa pamoja kwamba huyo alikufa kwa ajili ya Ufaransa. Majina matatu yalikuwa ya ukoo mmoja. Niliwaza kwetu. Vita hivyohivyo vilifika Tanga Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kwa meli kutoka India na kushindwa na jeshi la Wajerumani lililojaa askari Waafrika. Katika miaka iliyofuata wapagazi wa majeshi yote walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kutokana na kambi yao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 haina orodha ya majina yao.

Tukirudi nyumbani nilimsimulia kaka. Akaniuliza majina yameandikwa wapi. Nikamwambia mengi hayakuandikwa. Yako kwa familia, yale yaliyokumbukwa. Alinyamaza, kisha akauliza kama babu wa babu yangu alikuwa mpagazi. Sikujua. Usiku ule nilimpigia mama simu Tanga kumuuliza, naye akampigia mjomba wake, na ndivyo nilivyopata jina la babu yetu mmoja aliyechukuliwa kubeba mizigo na asirudi. Nimeliandika.

Julai inapokaribia shule hufanya kermesse, sherehe ya uwanjani yenye ngoma za kila darasa na michezo ya kuangusha makopo, wazazi wakiuza keki ili kuchangia safari za mwaka ujao. Halafu watoto wanatawanyika: wiki kadhaa kwa bibi na babu, wengine kambi za watoto milimani au baharini, Agosti na wazazi. Popote waendapo huandika kadi za posta, zenye kusema hali ya hewa ikoje na wamekula nini. Kiangazi kimoja nilirudi Tanga, nami nikaahidi kadi. Niliituma ikiwa na picha ya jahazi, nikaandika bei ya pweza na jina la mwembe uliokuwa mbele ya nyumba yetu. Ilifika Oktoba.

Kaka aliipeleka darasani, wakati huo akiwa CE2, yaani darasa la tatu. Mwalimu aliibandika kwenye ramani ya dunia na kuvuta uzi mpaka Lyon, kisha akanialika nije kujibu maswali ya darasa, ambayo walikuwa wameyaandika kwa mwandiko wao wa kuunganisha, kila mmoja lake. Bahari ya huko ina maji ya moto? Mwembe una umri gani? Nani anamiliki jahazi? Kantini inapika nini? Nikawaeleza uji na makande, na kwamba wengine hutembea kwenda kula kwao. Saa kumi na nusu mnakula nini? Mihogo ya kuchoma yenye pilipili, nikasema, na wengine chai na maandazi, wakati wowote mtu akisikia njaa. Hilo liliwafanya watazamane.

Mwishoni msichana mmoja wa dawati la mbele akasimama na karatasi yake. "Na Jumatano mnafanya nini?"

"Tunaenda shule," nikasema.

Darasa zima likapiga ukelele, na mwalimu akachukua dakika nzima kuwatuliza.